Safari ya Pasaka ianzie kwenye magoti ya bibi

Kila Pasaka inapokaribia, makundi ya WhatsApp ya familia huchangamka. Kaka aliyepata fedha kidogo hutuma picha za hoteli ya ufukweni Zanzibar. Dada anayeishi Arusha anasema safari hii wote wapande kaskazini, watoto wakaone simba. Kijana wa kidato cha tatu anauliza kama huko kuna bwawa la kuogelea na intaneti. Kura inapigwa, kiwango cha mchango kinatangazwa, namba ya kutuma pesa inabandikwa. Siku mbili kabla ya kuondoka ndipo mtu anakumbuka kumpigia bibi: “Mama, jiandae, Ijumaa alfajiri tunakupitia.” Bibi haulizi wanakwenda wapi. Anauliza tu kama huko kuna baridi.

Utaratibu huu umezoeleka katika nyumba nyingi, na ni wakati wa kuuacha. Safari ya vizazi vitatu ichaguliwe kwa kumwangalia mzee kwanza: mwili wake unaweza kufika wapi bila mateso, na ni wapi atakuwa na la kuwaambia wajukuu. Mwenye pesa, mwenye gari na mwenye hamu ya picha wafuate nyuma yake. Familia ikianzia hapo, maswali mengine yote ya safari hupungua uzito. Ikianzia kwingine, hutumia fedha nyingi kumchosha mtu yule yule inayedai kumheshimu.

Mwaka 1969, alipokuwa akiwaeleza wajumbe wa chama cha TANU mpango wa pili wa maendeleo wa miaka mitano, Mwalimu Nyerere alisema kupanga ni kuchagua. Alikuwa akizungumzia nchi, lakini kauli ile inaifaa pia nyumba yenye Noah moja, siku nne za mapumziko na wasafiri wanane wenye umri wa kuanzia miaka mitatu hadi sabini na sita. Haiwezekani kila mmoja apate chake. Lazima iamuliwe nani anatangulia.

Kuna sababu nyingine ya kumtanguliza mzee, nayo inauma kidogo. Kwa wazee wengi, mara pekee ambapo watoto wao wote hukodi Coaster na kusafiri nao pamoja ni wakati wa msiba. Wanajua barabara ya kwenda kuzika kuliko wanavyojua barabara ya kwenda kupumzika. Safari ya Pasaka inaweza kuwa ya kwanza ambayo mama amekaa kwenye gari na wanawe wote bila jeneza mbele. Je, safari ya aina hiyo ipangwe kwa kura ya haraka asiyoshiriki?

Pasaka iko ndani ya masika

Pasaka haina tarehe moja. Inaweza kuangukia siku yoyote ya Jumapili kati ya 22 Machi na 25 Aprili. Mwaka 2025 ilikuwa 20 Aprili. Mwaka 2027 itakuwa 28 Machi. Kwa mtu wa Pwani, Tanga, Morogoro au Kilimanjaro, wiki hizo tatu ni tofauti kati ya mvua zinazoanza na mvua zilizokolea, kwa kuwa masika huwa Machi hadi Mei na Aprili ndio mwezi wake mzito.

Kwa hiyo kalenda ifunguliwe kabla ya picha za hoteli. Aprili 2024 inakumbukwa na wengi. Tarehe 25 ya mwezi huo Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, aliliambia Bunge kwamba watu 155 walikuwa wamekufa nchini kutokana na mvua kubwa na mafuriko ya msimu ule. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Mei, kimbunga Hidaya kiliipiga pwani ya kusini, na barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Lindi na Mtwara ikakatika katika maeneo kadhaa, Somanga ikiwemo. Abiria walikwama pande zote mbili.

Kijana akikwama kwenye tope huvua viatu, husukuma gari na kurudi nyumbani na simulizi. Mzee wa miaka sabini na sita akikwama hukaa garini saa nyingi, dawa zake zikiwa kwenye begi lililofungwa juu ya paa, na hana pa kujinyoosha wala pa kujisitiri. Gari ni lile lile na tope ni lile lile, ila kwa mmoja ni vituko na kwa mwingine ni hatari.

Kanuni ya masika basi ni fupi: lami iwepo hadi mlangoni mwa mahali pa kulala. Kanuni hiyo inaondoa sehemu nzuri kadhaa kwenye orodha ya Aprili, na si aibu kuziondoa. Saadani, hifadhi ya taifa inayopakana na Bahari ya Hindi, ni sehemu ya ajabu wakati wa kiangazi, lakini udongo wake mweusi wa mfinyanzi ukilowa hushika magurudumu hata ya gari la kazi. Kilwa Kisiwani, iliyoingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1981, inafikiwa kwa chombo cha baharini, na kupanda na kushuka chombo kunataka miguu yenye nguvu na bahari tulivu. Amani, katika Usambara ya Mashariki, ambako Wajerumani walianzisha bustani ya mimea mwaka 1902, inafikiwa kwa barabara ya vumbi inayopanda milima kutoka Muheza. Mvua ikinyesha, vumbi hilo huwa utelezi. Sehemu hizi zisubiri Julai.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kabla msimu haujaanza, kisha hutoa tahadhari za siku chache zijazo. Mtu mmoja katika familia apewe kazi ya kuufuatilia, na awe na mamlaka ya kusema safari isogezwe. Mwenda pole hajikwai, na anayeahirisha safari kwa siku mbili hajapoteza kitu ambacho mafuriko hayangemnyang'anya.

Saa nne za kukaa

Watu wa mjini hupima safari kwa kilomita. Mwili wa mzee huipima kwa saa za kukaa. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotolewa mwaka 2007 ulionyesha kwamba hatari ya damu kuganda kwenye mishipa ya miguu huongezeka takriban mara mbili mtu anapokaa safarini saa nne au zaidi bila kutembea, iwe kwenye ndege, treni, basi au gari dogo. Kwa mwenye afya hatari yenyewe bado ni ndogo. Kwa mwenye shinikizo la damu, unene au historia ya kuganda damu, si jambo la kupuuzwa. Kabla hata ya kufikia hatari hiyo, miguu imeshavimba, viatu havimtoshi, na siku nzima ya kwanza ya mapumziko inaishia kitandani.

Saa hizo nne zinaliwa haraka. Kutoka Dar es Salaam hadi Tanga ni kama kilomita 350. Kwenye karatasi inaonekana rahisi. Lakini kila kijiji kina kibao cha 50, askari wa usalama barabarani wako na tochi zao, malori yamejipanga Chalinze, na mtoto wa miaka mitatu amesema anataka kutapika. Familia iliyoahidiwa saa tano barabarani hukaa saa saba.

Halafu kuna jambo ambalo wazee hawalisemi. Vidonge vya kushusha shinikizo la damu vinavyotoa maji mwilini humfanya mtu aende haja ndogo mara kwa mara. Kijana gari likisimama porini anaingia kichakani kuchimba dawa na kurudi. Bibi mwenye magoti mabovu hawezi kuchutama kwenye mteremko wa barabara, kanga mkononi, malori yakipita na wajukuu wakimsubiri. Kwa hiyo hufanya hesabu yake kimya kimya: hanywi maji tangu jana jioni. Wengine huacha na vidonge vyenyewe asubuhi ya safari. Anafika akiwa na kizunguzungu na watoto wanasema mama amechoka na safari. Ukweli ni kwamba mama amekaa na kiu siku nzima kwa sababu hakuna aliyepanga choo.

Kupanga choo ni sehemu ya kuchagua mahali. Njia iangaliwe kwa vituo vyake: sheli yenye choo safi, mgahawa wenye choo cha kukalia, kila baada ya saa moja na nusu hivi. Barabara ya Morogoro na ile ya Segera zina vituo vya namna hiyo Chalinze, Msamvu, Segera na Korogwe. Barabara isiyo navyo haifai safari hii, hata kama mwisho wake kuna maporomoko mazuri kuliko yote.

Na kiti chenyewe kiangaliwe. Mara nyingi mzee huwekwa nyuma kabisa ili awalee watoto, magoti yakigusa kidevu. Kiti chake ni cha mbele au cha katikati karibu na mlango, na chini ya kiti iwekwe kigoda kidogo cha kukanyagia wakati wa kupanda na kushuka. Dawa zikae kwenye mkoba wa mkononi. Mwenye kisukari ale kwa saa zake, na insulini yake isiachwe kwenye gari lililofungwa juani, maana joto huiharibu. Kadi ya bima isiachwe nyumbani. Na kabla ya kulipia nyumba ya kulala, ijulikane hospitali ya karibu ni ipi: Tanga kuna Bombo, Mikumi kuna Mtakatifu Kizito, Morogoro na Bagamoyo kuna hospitali za serikali mjini kabisa.

Njia tatu kutoka Dar es Salaam

Kwa familia inayoanzia Dar es Salaam, njia tatu zinastahili kupimwa kwa vigezo hivi.

Ya kwanza ni Bagamoyo. Ni kama kilomita 65 kaskazini, lami tupu, na kama mambo yakienda mrama, nyumbani ni karibu. Wengi huidharau kwa ukaribu wake. Lakini ni wangapi kati yao wamewahi kuwapeleka watoto Kaole, kwenye magofu ya msikiti wa karne ya 13, au kwenye misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868? Hapo ndipo mwili wa mmisionari David Livingstone ulilazwa Februari 1874 kabla ya kuvushwa Zanzibar na kupelekwa London, baada ya kubebwa na watumishi wake, kina Chuma na Susi, kwa miezi kadhaa kutoka ilipo Zambia ya leo. Mtoto anayesoma historia atasimama pale na kuuliza maswali. Ardhi ni tambarare, hatua ni chache, mchana samaki yupo, na mzee anaweza kulala usingizi wa alasiri bila kumzuia mtu.

Ya pili ni Morogoro hadi Mikumi. Tangu Juni 2024 kuna treni ya umeme ya SGR hadi Morogoro, na hapo ndipo familia inaweza kugawanyika kwa akili: wazee na mama mwenye mtoto mchanga wapande treni, wafike kwa chini ya saa mbili wakiwa wamekaa kwenye kiti kipana chenye choo hatua chache tu, na vijana wapeleke gari na mizigo. Wote wakutane Morogoro, wapumzike usiku mmoja chini ya milima ya Uluguru, kesho yake waendelee.

Mikumi ina faida moja ambayo hifadhi nyingi hazina. Barabara kuu ya kwenda Iringa inapita katikati yake kwa takriban kilomita 50, na twiga, pundamilia, swala na mara nyingine tembo huonekana kutoka kwenye lami. Vibao vinaonyesha faini ya kugonga kila aina ya mnyama, na watoto husoma orodha ile kwa sauti: nyati kiasi gani, ngiri kiasi gani. Masika nyasi huwa ndefu, wanyama hujificha, na baadhi ya njia za ndani hujaa maji. Anayekwenda kuhesabu simba atavunjika moyo. Anayekwenda kumwonyesha babu tembo akiwa ameketi kwenye kiti chake, dirisha limefungwa, ataridhika. Kutazama wanyama ni kazi ya macho, na macho ya babu bado yana nguvu kuliko miguu yake. Udzungwa ni jirani, na maporomoko ya Sanje yenye mita 170 yanavutia, ila yanafikiwa kwa kupanda mlima kwa mguu. Vijana waende siku moja peke yao, warudi jioni.

Ya tatu ni Tanga. Hapa uamuzi unakuwa mgumu, maana kwenye ramani Tanga na Lushoto ziko jirani na kila mtu anamtajia mwenzake Lushoto. Ni kweli Lushoto ni nzuri: hewa ya baridi, misitu ya Magamba, Irente ambako ardhi inakatika ghafla na nyika ikalala chini. Lakini kutoka Mombo ni kilomita 33 za kona zisizokwisha. Mtoto anatapika, bibi anashika kiti kwa mikono miwili, na Aprili ukungu na udongo unaoteremka vinaongeza wasiwasi. Tanga mjini ni tambarare, ina bahari, ina mitaa ya kutembea polepole. Mapango ya Amboni, kama kilomita nane kutoka mjini, yana sehemu za giza na za kuinama. Watoto waingie na kiongozi, wazee wabaki nje chini ya miti. Tongoni, upande wa barabara ya Pangani, ina msikiti wa kale na makaburi ya Waswahili wa zamani kwenye ardhi iliyo sawa, na mzee anaweza kuzunguka kwa fimbo yake hadi mwisho.

Iringa na Kitulo zitatajwa na wengi, na ni haki zitajwe. Kitulo, kwenye urefu wa mita 2,600 hivi, huchanua maua wakati wa mvua, na Aprili bado yapo. Lakini kwa anayeanzia Dar es Salaam ni siku mbili za gari, kisha barabara ya kupanda, kisha baridi na hewa nyepesi ambayo kifua cha mzee hakijaizoea. Iringa ni kama kilomita 500 na mlima Kitonga njiani. Isiendewe kwa siku moja. Wasafiri wakilala njiani Mikumi au Morogoro inawezekana, na kwa familia fulani, kama itakavyoonekana, ndiyo yenye maana kuliko zote.

Mzee akiwa mwenyeji

Mwili ni nusu ya kipimo. Nusu ya pili ni kumbukumbu.

Mzee aliyepelekwa hoteli kubwa hana kazi yoyote. Hajui lifti inavyobonyezwa, hajui chakula kinapakuliwa vipi, hajui bei. Kila kitu anaelekezwa na watoto. Msafiri maskini ajapokuwa sultani, walisema wahenga, na hakuna mahali msemo huo unaonekana kama kwa mwanamke aliyeendesha nyumba miaka hamsini anapoketi kwenye sebule ya hoteli akisubiri kuambiwa afanye nini. Mpeleke sasa mtu huyo huyo mahali anapopajua. Anashuka garini kabla ya wengine. Anawaonyesha njia.

Mfano wa Tanga unaonyesha jambo hili waziwazi. Katani iliingizwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 62 tu ndiyo iliyookoka kati ya ile iliyosafirishwa kutoka Florida, na kutoka kwenye hiyo yakazaliwa mashamba yaliyoifanya Tanganyika iongoze duniani kwa mkonge. Katikati ya miaka ya 1960 nchi ilikuwa ikivuna zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka. Waliokata majani yale walikuwa manamba: vijana kutoka Songea, Kigoma, Burundi, Msumbiji na kwingineko, walioishi kambini na kulipwa kwa idadi ya mizigo. Wazee wengi wanaoishi leo Mbagala, Gongo la Mboto au Kibaha walizaliwa katika kambi hizo, au wazazi wao walipita huko.

Mjukuu akipita Muheza au Ngomeni na kuona mistari ya mkonge, anaona mimea yenye miiba. Babu akiwa kwenye gari, gari linasimama. Anaeleza jinsi jani linavyokatwa na kufungwa mafungu ya majani thelathini, mwiba wa ncha unavyotoboa kiganja, kengele ilivyopigwa, lugha ngapi zilisikika kwenye foleni ya posho na jinsi Kiswahili kilivyowaunganisha wote. Hakuna kitabu cha darasa la tano kitakachompa mtoto hayo kwa namna ile, na kila mwaka wanaoweza kuyasema wanapungua.

Vivyo hivyo Iringa. Fuvu la Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, lilirudishwa Kalenga mwaka 1954, zaidi ya nusu karne baada ya kifo chake mwaka 1898. Mhehe aliyezaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1940 alikuwa mtoto mwenye akili zake siku ile watu walipojaa Kalenga. Kwa familia yenye mzee wa namna hiyo, safari ndefu yenye kulala njiani inalipa gharama yake yote. Kwa familia isiyo na uhusiano wowote na Iringa, Bagamoyo inatosha.

Hapa kuna ugumu mmoja. Mzee akiulizwa anapenda kwenda wapi, hujibu: “Popote tu, mwanangu, nyinyi amueni.” Ni jibu la adabu, la mtu asiyetaka kuwa mzigo, na watoto hulichukua kama ruhusa. Swali libadilishwe. Aulizwe: “Mama, ni sehemu gani ungependa kuiona tena?” Au: “Baba, ulipokuwa kijana ulifanya kazi wapi kwanza?” Hapo majina yataanza kutoka: stesheni ya reli, shule ya bweni, soko, kanisa, kisima. Penye wazee haliharibiki neno, ila neno lenyewe lazima liombwe kwa namna ambayo mzee anaweza kulitoa.

Nani analipa, nani anapika

Tatizo kubwa la uchaguzi wa safari za familia liko kwenye mchango. Mtoto mwenye kipato kikubwa hulipa sehemu kubwa, na pamoja na risiti hupata haki ya kuamua. Wadogo zake hukubali kwa sababu hawana cha kuongeza. Matokeo yake familia hupelekwa mahali ambapo mmoja anapamudu na wengine watatu wanajikamua. Likizo inaisha, shule zinafunguliwa, na yule dada mwenye genge anakopa kwenye kikoba ili alipe nauli na michango ya shule ya watoto aliyokuwa ameitenga. Hilo halionekani kwenye picha.

Mahali pa karibu hupunguza mafuta, hupunguza usiku wa kulala, na huwaruhusu wasio na kitu watoe walichonacho: mchele, kuku, nguvu za kuendesha gari. Ada za hifadhi za taifa kwa Mtanzania ni ndogo kuliko za mgeni na hulipwa kwa shilingi, kwa hiyo gharama inayoumiza ni barabara na malazi. Hiyo ndiyo inayopungua mzee akiwa kipimo, maana mzee hataki umbali.

Lipo na suala la jiko. Familia nyingi hukodi nyumba nzima ili kuokoa fedha za mgahawa, na uamuzi huo ni wa busara. Lakini nani anapika? Mara nyingi ni mkwe, mke wa kaka mkubwa, anayeamka saa kumi na moja kuchemsha chai ya watu wanane na kulala wa mwisho baada ya kuosha sufuria. Bibi akiona hivyo hawezi kukaa; anaingia jikoni kusaidia, na magoti aliyokuja kuyapumzisha yanasimama tena saa nne kwa siku. Zamu za jikoni zipangwe kabla ya safari, wanaume na vijana wakiwemo. Au siku moja kati ya mbili chakula kinunuliwe. Mji wenye mama lishe wazuri, kama Tanga na Morogoro, una thamani kuliko nyumba ya kifahari iliyo mbali na kila kitu.

Wanaosema mzee abaki nyumbani

Wapo watakaosema kwamba kumfanya mzee kipimo ni kuwanyima vijana safari. Kijana wa miaka kumi na sita anataka bahari, muziki na wenzake. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, na vijana wanaolazimishwa hukaa na simu zao pembeni safari nzima. Jibu ni kwamba mahali panapomfaa mzee mara nyingi pana nafasi ya kijana pia, kinyume chake sivyo. Mzee akiwa amekaa Tanga mjini, vijana wanaweza kwenda Amboni, Pangani au kuogelea na kurudi jioni. Wakiwa juu ya mlima ambao bibi hawezi kuushuka, bibi hana pa kwenda.

Wengine husema mzee mwenyewe afadhali apumzike nyumbani na dada wa kazi, safari ni usumbufu kwake. Hilo linaweza kuwa kweli. Kuna wazee ambao daktari amewakataza, na kuna ambao kweli hawataki. Uamuzi huo uwe wao, na uje baada ya kuonyeshwa njia fupi yenye vituo na vyoo na kitanda kizuri. Mzee anayekataa saa kumi za basi kwenda Arusha hajakataa saa moja na nusu ya kwenda Bagamoyo.

Familia za Nairobi zinazobishana kuhusu Mombasa na Naivasha, au za Mwanza zinazofikiria Serengeti, zinaweza kutumia vigezo vile vile: saa za kukaa, lami, choo, hospitali, na mahali ambapo mzee ana la kusema. Majina ya miji yatabadilika.

Vyoo na mabenchi ni utalii

Familia zikifanya kwa upande wao, wenye vituo vya utalii nao wana deni. Filamu ya Royal Tour iliyozinduliwa mwaka 2022 iliitangaza Tanzania kwa wageni, na kila mwaka viongozi huwahimiza wananchi wafanye utalii wa ndani. Mwananchi anayehimizwa ana mama. Akifika naye kwenye magofu, pangoni au kwenye makumbusho ya wilaya, mara nyingi hukuta ngazi zisizo na pa kushika, choo cha kuchutama kilicho mbali, na hakuna hata benchi kati ya lango na mwisho wa njia. Mama hubaki garini. Safari ijayo haji, na wanaobaki naye nyumbani hawaji pia, kwa hiyo kituo kinapoteza viingilio vya watu wanne kwa kukosa choo kimoja.

Marekebisho yanayohitajika ni ya kawaida: choo cha kukalia chenye kishikio ukutani, reli ya chuma kwenye ngazi, benchi lenye kivuli kila baada ya mita mia, na sehemu ya kushushia abiria karibu na lango. Halmashauri zinajenga vitu vikubwa kuliko hivyo kila mwaka wa fedha. Bajeti za mwaka ujao hujadiliwa katika miezi hii hii ya masika, wakati familia ziko barabarani. Mkurugenzi wa wilaya yenye kituo cha kihistoria anaweza kuanza kwa kwenda pale siku ya Jumatatu ya Pasaka akiwa na mama yake mwenyewe, atembee naye kutoka langoni hadi mwisho wa njia, na aandike kila mahali alipolazimika kumshika mkono.